Jogoo, Unyoya na Shujaa: Neno la Kiingereza la Ujasiri katika Historia ya Thika na Ruiru

1.0 Utangulizi

Kamusi za Kiingereza na Kiswahili aghalabu hutoa kisawe kimoja au viwili kwa kila neno, kisha husonga mbele. Kwa maneno ya vyombo na wanyama utaratibu huo hauna madhara makubwa. Kwa maneno ya sifa, hasa yale yanayohusu ujasiri, madhara yake ni mengi, kwa kuwa sifa haiwezi kutenganishwa na anayeitoa. Neno "game" la Kiingereza ni mfano unaofaa. Likiwa nomino, lina maana ya mchezo. Vilevile lina maana ya wanyama wa porini wanaowindwa. Likiwa kivumishi, humsifu mtu asiyekata tamaa hata anapozidiwa nguvu. Mfasiri mwenye haraka huandika "shujaa" na kuendelea na kazi yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fasiri hiyo haitoshi. "Game" ni sifa itokayo kwa mtazamaji. "Shujaa" ni jina litokalo kwa watu ambao tendo limewagusa. Eneo la Thika na Ruiru, ambalo lilipata kuwa uwanja wa mawindo na baadaye mashamba ya kahawa ya walowezi, linatupatia ushahidi wa tofauti hiyo.

2.0 Asili ya Neno

Katika Kiingereza cha kale, shina la neno hili lilikuwa na maana ya furaha na burudani. Uwindaji ulikuwa burudani ya mabwana, na kwa njia hiyo mnyama anayewindwa akapewa jina la burudani yenyewe. Kupiganisha majogoo nako kulikuwa burudani. Jogoo aliyefugwa kwa kazi hiyo alipigana hadi kufa, na kufikia karne ya 18 Waingereza walikuwa wakimsifu mtu jasiri kwa kumlinganisha na jogoo huyo. Kutoka katika ulingo huohuo ikazuka nahau ya unyoya mweupe. Iliaminika kwamba jogoo wa nasaba safi hana unyoya mweupe mkiani. Mwenye nao ni chotara, naye atakimbia. Basi kuonyesha unyoya mweupe kukawa ndiko kuwa mwoga.

Inafaa kuuliza ni nani aliyetamka sifa hizo. Msemaji alikuwa nje ya ulingo na huenda alikwisha kuweka dau. Jogoo hakumchagua adui yake, wala hakuwa na kifaranga wa kumtetea pale.

Isidhaniwe kwamba tofauti inatokana na sitiari ya mnyama au ya kiungo cha mwili. Neno jingine la Kiingereza la ujasiri, "pluck", linatokana na moyo, ini na mapafu yanayotolewa katika mnyama aliyechinjwa. Waswahili nao huuweka ujasiri ndani ya mwili: mtu hupiga moyo konde, na wahenga wakasema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Katika Kikuyu, lugha ya wenyeji wengi wa Thika na Ruiru, "njamba" ni dume, ni jogoo na ni shujaa pia. Kwa hiyo jogoo yumo katika lugha zote mbili. Kinachotofautiana ni mahali anaposimama msemaji. Aliyeitwa njamba vitani aliitwa hivyo na watu wa kwao, ambao wangemlilia kama asingerudi. Methali ya Kiswahili inaeleza uhusiano huo bila kupamba: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Anayemwita mtu shujaa ana matanga mlangoni mwake.

3.0 Mawindo ya Juja

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani karibuni kama rais wa Marekani, alikaribishwa katika shamba la William Northrup McMillan huko Juja, eneo lililo kati ya Ruiru na Thika. Katika safari yake nzima ya Afrika, yeye na mwanawe Kermit waliwaua wanyama 512. Kitabu alichokitoa mwaka 1910 kinaitwa African Game Trails, na neno letu limo katika jina hilo likiwa na maana ya wanyama.

Hata hivyo, maana zake nyingine haziko mbali. Mwindaji wa tabaka lile alijipima kwa uthabiti wake mbele ya simba au kiboko, na mnyama aliyepigana hadi mwisho alisifiwa pia. Msafara wake ulitegemea mamia ya wapagazi, pamoja na wabeba bunduki waliosimama karibu na mnyama kama alivyosimama mwindaji. Ila wao walikuwa kazini. Katika msamiati wa mawindo, mpagazi alipimwa hasa kwa uaminifu na utiifu. Sifa ya ujasiri ilihitaji mtu aliyekuja kucheza, naye mpagazi hakuja kucheza.

Elspeth Huxley, katika The Flame Trees of Thika cha mwaka 1959, anasimulia utoto wake katika shamba la kahawa karibu na Thika. Masimulizi yanaanza kwa safari ya mkokoteni wa ng'ombe kutoka Nairobi na kukoma vita vya 1914 vinapowatawanya walowezi. Mhakiki anayekisoma kitabu hicho kwa Kiswahili hukabiliwa na swali hilohilo: ujasiri wa mlowezi anayeanza maisha katika ardhi ya wengine uitwe ushujaa, au utafutiwe neno jingine?

4.0 Unyoya na Nguo

Vita hivyohivyo vilirudisha nahau ya ulingoni katika maisha ya watu. Kuanzia Agosti 1914, wanawake nchini Uingereza walihimizwa kuwapa unyoya mweupe wanaume wasiovaa sare ya jeshi, ili waone haya na kwenda vitani. Aliyetoa unyoya alibaki barabarani. Aliyepewa ndiye aliyekwenda kufa.

Miaka minane baadaye, mwanamke mwingine aliwatia wanaume haya. Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui katika Kiambu, alikuwa amepinga kipande, upunguzaji wa mishahara wa mwaka 1921, na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Malalamiko hayo yalihusu moja kwa moja nchi ya kahawa, Thika na Ruiru zikiwemo. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922 na kuzuiliwa Nairobi. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi. Viongozi walipoanza kuwashauri watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru alijitokeza, akainua nguo yake na kuwataka wanaume wabadilishane naye mavazi. Kisha akasonga mbele kuelekea kwenye bunduki. Risasi zilipofyatuliwa alikuwa miongoni mwa waliouawa, ambao jumla yao ilizidi ishirini.

Matendo haya mawili yanafanana kwa umbo: mwanamke anamtia mwanamume haya ili apigane. Yanaachana katika jambo moja, nalo ndilo kiini cha makala haya. Nyanjiru aliwatangulia aliowaaibisha. Zaidi ya hayo, tendo lake lilitikisa neno "njamba" lenyewe, ambalo kwa asili ni la dume. Wanawake waliukumbuka mkasa huo katika wimbo wa Kanyegenuri, na kwa njia hiyo sifa ikatolewa na wafiwa.

Historia ya maneno haikosi kejeli. Kivumishi cha Kiingereza "hardy" kiliwahi kuwa na maana ya jasiri. Siku hizi hutumiwa sana kuisifu mimea inayostahimili taabu. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, inayohimili chulebuni na kutu ya majani. Mbuni huo waweza kupewa sifa hiyo bila mtu yeyote kushangaa. Wasichana waliolazimishwa kuchuma kahawa mnamo miaka ya 1920 hawakuipata.

5.0 Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliipa tarehe 20 Oktoba, iliyokuwa Siku ya Kenyatta, jina la Siku ya Mashujaa. Inafaa kuzingatia kwamba neno hili la Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu, limebaki hivyo hata katika Katiba iliyoandikwa kwa Kiingereza. Neno lililotokana na ulingo wa majogoo au na uwanja wa mawindo lisingeweza kuubeba mzigo huo. Mfasiri na mhakiki wa fasihi ya eneo hili hawana budi kuuliza, kila wanapokutana na sifa ya ujasiri, kama msemaji alikuwa mtazamaji au mfiwa. Wasipouliza, mwindaji wa Juja na Muthoni Nyanjiru watapewa jina moja, na kilio kitahesabiwa kuwa sehemu ya mchezo.