Kudhibiti haja kubwa baada ya kuumia uti wa mgongo

Jeraha la uti wa mgongo huweza kukatiza mawasiliano baina ya ubongo na utumbo. Mgonjwa hahisi haja inapomjia, wala hawezi kuizuia. Hata hivyo, utumbo waweza kuzoezwa.

Kwanza, atenge wakati maalumu, kila siku au kwa kupisha siku moja. Dakika 20 hadi 30 baada ya mlo hufaa, kwani chakula huamsha utumbo.

Pili, azingatie mahali alipoumia. Jeraha la shingo au kifua kwa kawaida huacha msuli wa haja umekaza. Dawa ya kuingizwa, au kidole chenye glavu na jeli kikizungushwa polepole, huulegeza. Jeraha la kiunoni huuacha umelegea, na kinyesi hutolewa kwa kidole. Muuguzi amfunze kwanza.

Tatu, ajihadhari. Aliyeumia pingili ya sita ya kifua au juu yake, akiumwa kichwa ghafla na kutokwa jasho usoni, huenda shinikizo la damu limepanda mno. Asitishe shughuli hiyo, aketi wima na kulegeza nguo. Dalili zisipotulia mara moja, apelekwe hospitalini. Jamaa wanaomtunza wazijue dalili hizi, kwani hali hiyo yaweza kuua.