Nasaba ya Majina katika Lugha ya Ruby

Yukihiro Matsumoto, Mjapani aliyeanza kuiwaza lugha ya Ruby mwaka 1993 na kuitoa hadharani Desemba 1995, alirithi mas'ala kongwe kuliko lugha yenyewe: majina ya klasi yakishakithiri, yatakaa wapi yasigombane? Smalltalk-80, mojawapo ya lugha alizochota kwazo, iliyaweka majina ya klasi zake katika kamusi moja ya mfumo mzima, hata waandishi wawili wasiojuana, wakichagua jina moja, mmoja hakuwa na budi kuliacha.

Matsumoto akaifanya moduli, ambayo haizai vitu kama klasi izaavyo, kuwa maskani ya klasi. Na aitakaye klasi iliyomo hutaja kwanza moduli, kisha nukta pacha mbili, alama iliyokwisha kutumika katika C++ na Perl, kisha jina lenyewe, mathalani Net::HTTP, kama watu wa pwani wapambanuavyo Ali na Ali kwa kumtaja baba, ila hapa baba hutangulia.

Linalostahiki kutuliwa zaidi ni namna Ruby ilitafutavyo jina lililotajwa pasi na nasaba. Huanza pale lilipoandikwa, ikatoka nje moduli baada ya moduli kwa kadiri zilivyofunguliwa kulizunguka. Ikikosa, huwaendea wazazi wa klasi, hata ikafika kwa Object. Kwa hiyo kufungua moduli Duka na kuiandika klasi Bei ndani yake si sawa na kuandika Duka::Bei kwa mkato, kwani ijapokuwa klasi ni ileile, katika mkato Duka haikufunguliwa, na majina mengine yaliyomo hayapatikani ila kwa kutajwa kamili. Mimi naipendelea njia ndefu, kwa kuwa humwonyesha msomaji dhahiri ni wapi majina yatatafutwa.

Toleo la 1.9.3, la mwaka 2011, liliruhusu klasi kusitiriwa ndani ya moduli isiitwe kutoka nje. Aibu moja ilibaki: ukiita Mteja::String, na Mteja ni klasi isiyo na String yake, Ruby ilikupa String ya wote, ikitoa onyo tu. Desemba 2017, toleo la 2.5 liliifuta ruhusa hiyo, na tangu hapo mwito kama huo hurudi na kosa.