Ushanga wa Sita: Historia ya Mundu Katika Damu

Mwishoni mwa mwaka 1904, kijana aitwaye Walter Clement Noel alilazwa hospitalini mjini Chicago. Alikuwa ametoka kisiwa cha Grenada kwenda Marekani kusomea udaktari wa meno. Daktari aliyekuwa mafunzoni, Ernest Irons, aliitazama damu yake kwa hadubini, akaona chembe nyekundu zilizorefuka na kupinda, badala ya kuwa za mviringo. Mkubwa wake, James Herrick, alipoandika habari hiyo mwaka 1910, alizifananisha chembe hizo na mundu. Noel alirejea kisiwani kwao akatibu meno ya watu, akafariki mwaka 1916 angali kijana.

Maradhi yenyewe yalikuwa ya zamani kuliko jina lake. Barani Afrika watoto walikuwa wakiyaugua dahari na dahari, wakilia kwa maumivu ya mifupa ambayo wakubwa hawakujua asili yake. Leo huitwa selimundu, na wengi husema sikoseli.

Rangi nyekundu ya damu hutokana na hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha kila pembe ya mwili. Protini ni mfano wa mkufu uliotungwa kwa shanga ziitwazo amino asidi. Mkufu huo haukai umenyooka. Hujikunja wenyewe kufuata mpangilio wa shanga zake, na umbo linalopatikana ndilo linaloupa kazi. Hemoglobini ya mtu mzima ina mikufu minne iliyoshikamana: miwili yenye shanga 141 kila mmoja, na miwili yenye shanga 146.

Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake huko California waliipitisha hemoglobini ya wagonjwa katika nguvu ya umeme, wakaona kuwa mwendo wake ni tofauti na wa hemoglobini ya wazima. Kwa mara ya kwanza maradhi ya binadamu yalionekana kuwa na chanzo ndani ya molekuli moja. Kilichobaki ni kujua tofauti hiyo ilikaa wapi. Jibu lilipatikana Cambridge, Uingereza, ambako Vernon Ingram aliikatakata protini hiyo vipande vidogo na kuvitandaza juu ya karatasi. Kati ya madoa yaliyojitokeza, moja tu lilikuwa limehama mahali pake. Kufikia mwaka 1957 ilithibitika kuwa katika mkufu wenye shanga 146, ushanga mmoja, ambao ni wa sita, umebadilika: palipostahili kuwa na asidi ya glutamiki pamekaa valini.

Anayejua mizani ya shairi hatashangaa kuwa silabi moja huweza kuharibu ubeti. Valini huyakimbia maji. Hemoglobini inapokwisha kuitoa oksijeni yake, umbo lake hubadilika kidogo, na ushanga huo hupata kishimo katika hemoglobini ya jirani, ukajipachika humo. Jirani naye humshika mwingine, hata zikafanyika nyuzi ndefu ngumu zinazoivuta chembe nzima na kuipinda. Chembe iliyopinda hukwama katika mishipa myembamba, na viungo vilivyo mbele yake hukosa hewa. Hayo ndiyo maumivu. Aidha, chembe nzima huishi siku 120 hivi, ilhali yenye mundu aghalabu haifiki hata siku 20, na hapo ndipo hutokea upungufu wa damu.

Kwa nini basi kasoro kama hii haikutoweka? Jibu lilitoka Afrika ya Mashariki. Mwaka 1949, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali nchini humo. Karibu na pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba alama ya mundu. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Aliona kuwa ramani ya mundu inafuata ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha habari za watoto wa Buganda: kati ya 43 waliobeba alama hiyo, 12 walikutwa na vijidudu vya malaria, kati ya 247 wasioibeba, 113. Aliyerithi alama kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili huugua. Baina ya kufa na kufaa pana herufi moja tu.

Elimu hii ina haki ya kufika majumbani, kwani wapo akina mama waliobebeshwa peke yao lawama za mtoto mgonjwa. Selimundu si laana wala uchawi. Kila mzazi hutoa nusu yake, na wawili wanaobeba alama hiyo, katika kila mimba, wana bahati 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa.

Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mpango wa kuwafuatilia wagonjwa ulianza mwaka 2004. Desemba 2023, Marekani iliidhinisha tiba mbili za kurekebisha vinasaba. Mojawapo, Casgevy, haiugusi ushanga wa sita. Huiamsha upya hemoglobini ambayo mtoto huitumia tumboni mwa mamaye, isiyo na kasoro hiyo. Bei yake huko ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Damu za watu wa pwani na ziwani ziliufunza ulimwengu sababu ya mundu kudumu; dawa ya kuuondoa bado iko mbali na watoto wao.