Kioo cha mbele: toka chupa ya Bénédictus mpaka jicho la Ferrari

Nimekuwa kimya kwa siku kadhaa, mniwie radhi. Kazi za chumba cha habari mnazijua: ukidhani umemaliza, mhariri anakuita tena. Leo siongelei siasa. Leo naongelea kioo. Ndiyo, kioo cha mbele cha gari. Msikimbie, subirini kidogo.

Kisa chenyewe kilianzia kwa kaka yangu. Mwaka jana alinunua gari la Kijapani lililotumika, moja ya yale yanayokuja na kamera ndogo nyuma ya kioo cha mbele, juu pale karibu na kioo cha kuangalia nyuma. Kokoto ya lori la mchanga ikampiga kule Kibaha, kioo kikachora ufa toka kona hadi kona. Akaenda kwa fundi mmoja wa mjini (simtaji, hana kosa la peke yake), kioo kipya kikabandikwa mchana huohuo. Kwenye dashibodi taa moja ya njano ikabaki inawaka. Fundi akamwambia, "Bosi, hiyo taa isikusumbue, gari inatembea." Kweli ilitembea. Baada ya wiki taa ikazimika yenyewe, kaka akafurahi. Jumamosi moja tukiwa njiani kwenda Morogoro, mimi kiti cha pembeni, mbele yetu lori linakuja, usukani ukajivuta wenyewe kuelekea katikati ya barabara. Si sana. Kiasi cha mtu kukugusa mkono. Kaka akaurudisha, lori likapita, tukakaa kimya mpaka Chalinze. Kisha akasema, "Dogo, wewe si mwandishi? Hebu nitafutie hili jambo."

Basi nikaingia kusoma, na kama kawaida yangu nikatoka upande mwingine kabisa, kwenye magari ambayo kaka yangu na mimi hatutayanunua hata tukiuza shamba la ukoo. Maana ukitaka kuelewa kioo cha mbele, nenda kwenye magari ya michezo ya bei mbaya, Ferrari, Lamborghini, Porsche, McLaren. Huko kila tatizo la kioo hujitokeza likiwa limekuzwa mara tatu. Lakini tuanze mwanzo.

Gari la Karl Benz la mwaka 1886 halikuwa na kioo cha mbele. La nini? Lilikwenda taratibu, na upepo ulikuwa burudani. Mwendo ulipoongezeka, madereva wakaanza kuvaa miwani mikubwa na makoti, halafu mtu akaona afadhali asimamishe kioo mbele. Kioo cha kawaida, kama cha dirisha la nyumbani kwako. Mwaka 1903 mama mmoja wa Alabama, Mary Anderson, alipata hataza ya waipa ya kuendeshwa kwa mkono, baada ya kumwona dereva wa tramu kule New York akihangaika na theluji. Kwa hiyo kuona mbele kukawa kumepatiwa dawa. Kilichobaki ni kwamba gari likigonga, kioo kile kiligeuka visu, na waliokaa mbele walikatwa nyuso na shingo.

Sasa, mwaka huohuo wa 1903, Paris. Édouard Bénédictus, msanii ambaye pia alikuwa mkemia (watu wa zamani walikuwa na muda!), aliangusha chupa ya maabara toka juu ya rafu. Chupa ikapasuka lakini haikusambaratika. Vipande vyote vilibaki vimeshikana kwa umbo lake. Alipochunguza akakuta ndani ya chupa mlikuwa na selulosi nitrati, dawa iliyokuwa imekauka na kuacha utando mwembamba kama ngozi. Inasimuliwa kwamba baadaye alisoma habari za watu waliokatwa na vioo kwenye ajali za magari, ndipo akaikumbuka ile chupa. Mwaka 1909 akaomba hataza ya kioo cha tabaka tatu: kioo, utando, kioo. Akakiita Triplex.

Mngedhani wenye viwanda vya magari walimkimbilia. Wapi! Ilikuwa ghali. Kilichokipa kioo kile soko kubwa ni Vita Kuu ya Kwanza, kwenye macho ya vinyago vya kujikinga na gesi ya sumu. Askari alilindwa kabla ya dereva. Henry Ford alikuja kuliweka jambo hili kwenye gari la watu wengi kwa Model A, iliyotoka mwishoni mwa 1927, na Uingereza sheria ya barabara ya 1930 ikalazimisha kioo cha usalama kwenye magari mapya. Hata hivyo ule utando wa kwanza uligeuka njano ukipigwa na jua, gari la miaka michache likaonekana kama limevaa miwani ya mzee. Miaka ya 1930 ndipo ukapatikana utando mwingine wa plastiki, unaoitwa kwa kifupi PVB, ambao tunaendelea kuutumia mpaka leo.

Kulikuwa na njia nyingine ya mkato, na hii wazee wetu wanaijua. Kioo kinapashwa moto mkali halafu kinapozwa ghafla kwa hewa. Kinakuwa kigumu sana, ila kikivunjika kinavunjika chote kwa pamoja, vipande vidogo vidogo kama punje za mahindi. Ulaya vioo vya mbele vya namna hii vilitumika kwa miaka mingi, na vikaja huku na magari yao. Baba anasimulia safari moja ya Dodoma kwenye gari la ofisi: jiwe moja, na kioo chote kikawa cheupe mbele ya dereva, akiwa mwendo kasi, haoni kitu. Alikitoboa kwa ngumi. Wakaendelea na safari huku wanakula vumbi mpaka Gairo, na nauli ya ajali hiyo baba anayo hadi leo, kovu kwenye kidole.

Wamarekani walibaki na kioo cha tabaka, lakini nacho kilikuwa na kasoro: kichwa cha mtu kiliupasua ule utando na kupenya. Walifanya majaribio mengi, yakiwemo ya Chuo Kikuu cha Wayne State pale Detroit, na kufikia magari ya mwaka 1966 unene wa utando ukawa umeongezwa mara mbili, toka milimita 0.38 hadi 0.76. Chini ya nusu milimita ya plastiki! Fikirieni nyuso ngapi ziliokolewa hapo.

Kumbe kuna swali jingine ambalo watu hawakukubaliana: kioo kikae au kitoke? Preston Tucker, kwenye gari lake la 1948 (yalitengenezwa 51 tu), alitaka kioo cha mbele kichomoke chenyewe kwenye ajali ili kisimjeruhi mtu. Historia ilikwenda upande wa pili. Toka kioo cha kushikwa na mpira, ambacho fundi hukitoa kwa bisibisi na kamba, tukaja kwenye kioo cha kugandishwa kwa gundi ya poliurethani moja kwa moja kwenye bodi. Kuanzia hapo kioo si dirisha tena. Ni sehemu ya mifupa ya gari. Kinasaidia paa lisibonyee gari likipinduka, na kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria unapofumuka huegemea kioo ili umgeukie abiria. Gundi ikiwa mbovu, au gari likatoka gereji kabla haijakauka, kioo kinasukumwa nje na mfuko unakwenda nacho.

Na wabunifu wa magari ya michezo walikuwa wanafanya nini wakati huo? Wanacheza. Mwaka 1970 kwenye maonyesho ya Turin, kampuni ya Bertone ilitoa Lancia Stratos Zero, kazi ya Marcello Gandini. Urefu wake toka chini hadi juu ni sentimita 84. Halikuwa na milango ya pembeni: uliinua kioo cha mbele, ukapanda, ukajilaza ndani. Kioo ndiyo mlango! Mkono huohuo wa Gandini ndio uliochora Lamborghini Countach, iliyoanza kuuzwa 1974, yenye kioo kilicholala karibu sawa na boneti. Miaka ya karibuni wengine wamerudi kwa Benz kabisa: Ferrari Monza SP1 ya 2018 na McLaren Elva ya 2019 zilizinduliwa bila kioo cha mbele. Unalipa mabilioni ya shilingi halafu unakula mende wa hewani. (McLaren baadaye walitoa Elva yenye kioo. Naona wateja walionja.)

Ninachotaka mshike ni ule mlalo. Kioo kikilala sana, mwanga hupita ndani yake kwa mshazari, njia ndefu zaidi, na kasoro yoyote ndogo ya unene hupindisha picha. Jicho la mtu linavumilia. Kamera haivumilii.

Kamera nayo ina historia yake. Mjerumani Ernst Dickmanns, wa chuo kikuu cha jeshi kule Munich, katikati ya miaka ya 1980 alichukua gari kubwa la Mercedes, akalijaza kompyuta, akaweka kamera nyuma ya kioo cha mbele. Mwaka 1987 lilijiendesha kwenye barabara tupu kwa kilomita 96 kwa saa. Mwaka 1995 gari lake jingine, Mercedes ya kifahari, lilitoka Munich hadi Denmark na kurudi, safari ya zaidi ya kilomita 1,600, sehemu kubwa usukani ukiwa chini ya kompyuta, na kuna mahali lilipita kilomita 175 kwa saa. Hii ni kabla hata wengi wetu hatujagusa intaneti. Mwaka 1999 Amnon Shashua wa Jerusalem na mwenzake wakaanzisha Mobileye, wakishikilia kwamba kamera moja tu yatosha kupima umbali. Wengi walibisha. Mwaka 2007 chombo chao kikaingia kwenye magari ya BMW, Volvo na General Motors, na 2017 Intel wakainunua kampuni kwa dola bilioni 15.3.

Wenye magari ya michezo walichelewa, wengine kwa kiburi. Mtu anayenunua Ferrari, walisema, anataka kuendesha mwenyewe. Lakini Porsche 911 ya kizazi kilichotoka mwishoni mwa 2018 ilikuja na kamera ya kuonya na kufunga breki, Ferrari wakaanza kutoa mifumo hiyo kwa hiari ya mnunuzi kwenye magari kama Roma, na Lamborghini Revuelto ya 2023 nayo inayo. Ulaya nako sheria ikabana: mifumo kama breki ya dharura ikawa ya lazima kwa aina mpya za magari toka Julai 2022, na kwa magari yote mapya toka Julai 2024.

Haya, sasa vunja kioo cha gari kama hilo. Kwanza kioo chenyewe: mbele ya kamera pana dirisha dogo lisilo na rangi, na kipande cha kushikia kamera kimegandishwa kiwandani kwa pembe maalum. Ukiweka kioo cha bei rahisi chenye pembe tofauti kidogo tu, kamera inaangalia pengine. Pengine wapi? Nilichukua kalamu. Kosa la nyuzi moja, kwa umbali wa mita 50, ni sentimita 87. Kwa mita 100 ni mita 1 na sentimita 75. Njia moja ya barabara kuu ina upana wa mita tatu na nusu hivi. Maana yake kamera iliyokosea nyuzi moja inaweza kudhani lori liko nusu njia pembeni ya pale lilipo.

Ndiyo maana kamera lazima ipimwe upya. Gari linawekwa kwenye sakafu iliyo sawa kabisa, matairi yana upepo sahihi, ndani hakuna mizigo, taa hazimeremeti, halafu mbele linasimamishwa bango lenye michoro kwa umbali uliopimwa kwa milimita toka katikati ya gari. Kompyuta inaangalia bango na kujifunza upya mbele ni wapi. Magari mengine yanataka yaendeshwe kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vizuri (hapo mimi nikacheka peke yangu), mengine yanataka vyote viwili. Gari la michezo lina lake la ziada: springi zinazoshuka na kupanda, pua inayoinuliwa kwa kitufe ili kuvuka tuta. Ukipima pua ikiwa juu, umepima uongo.

Mafundi wetu si wajinga, mnisikie vizuri. Yule aliyembandikia kaka kioo anaweza kukuondolea kioo chochote bila kukwaruza rangi. Ila bango hana, mashine ya kusoma kompyuta ya gari hana, sakafu yake ina mteremko wa kupitisha maji ya mvua. Na Marekani, penye kila kitu, mwaka 2017 baraza la mahakama Texas liliamua wanandoa wawili walipwe zaidi ya dola milioni 40 kwa sababu gereji ilibandika paa la gari dogo la Kijapani kwa gundi badala ya kulichomelea kama mtengenezaji alivyoagiza. Waliumia vibaya kwenye ajali. Walilinunua gari likiwa limetumika, hawakujua.

Nilimweleza kaka haya yote jikoni kwake, shemeji akisikiliza. Shemeji ndiye aliyeuliza swali la maana: "Kwa hiyo sisi tulionunua, kile kioo kilichokuja nalo toka Japani, tunajua kilikuwa cha kwanza?" Hatukumjibu.

Kwa sasa kaka anaizima ile mifumo kwa kitufe kilicho kushoto mwa usukani. Kila akiwasha gari inabidi akibonyeze tena. Juzi alinipitia asubuhi tukaenda kazini pamoja, na tulipofika Ubungo nikatazama: hakuwa amekibonyeza.