Uchovu Sugu na Kirusi Kilichosingiziwa

Leo tuzungumze juu ya uchovu sugu. Si ule uchovu wa shamba unaoisha ukilala. Huu hudumu miezi sita au zaidi, na mgonjwa akijikaza kufanya kazi hata kidogo, huzidiwa. Wengi huitwa wavivu.

Je, unaletwa na nini? Kuanzia mwaka wa 1984, watu wengi waliugua hivyo huko Incline Village, mji mdogo wa jimbo la Nevada, Marekani. Madaktari walishuku kirusi cha Epstein-Barr. Lakini kirusi hicho kinapatikana hata kwa watu wazima wengi wenye afya njema, kwa hiyo kipimo hakikuweza kumtenga mgonjwa na mzima.

Oktoba 2009, watafiti wa Nevada walitangaza katika jarida la Science kwamba wamekiona kirusi kiitwacho XMRV kwa wagonjwa 68 kati ya 101, na kwa watu wazima 8 tu kati ya 218. Wagonjwa walifurahi, kwani sasa wangeaminiwa. Kwa kuwa XMRV ni cha ukoo mmoja na virusi vya UKIMWI, wengine walianza kumeza ARV.

Maabara nyingine zilikitafuta zisikione. Ikabainika kwamba XMRV kilitokea maabarani, chembe za saratani ya tezi dume zilipokuzwa ndani ya panya, kisha kikachafua vipimo. Desemba 2011, Science ikaifuta ripoti ile. Mwaka wa 2012, Daktari Ian Lipkin na wenzake walipima wagonjwa 147 na watu wazima 146, wasione uhusiano wowote.

Msikilizaji, kilichoondolewa lawama ni kirusi, ugonjwa ungalipo. Mwaka wa 2006, utafiti wa Dubbo, Australia, ulifuata watu 253 waliopata maambukizi ya aina tatu tofauti. Baada ya miezi sita, asilimia 11 hivi walikuwa na uchovu huu.

Basi ukichoka kwa wiki nyingi baada ya homa, nenda kituo cha afya. Upimwe damu, sukari, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, maana hayo yana matibabu. Usimeze dawa za mwenzako kwa sababu ya habari ulizosikia. Na vipimo visipoonyesha kitu, ninyi jamaa wa nyumbani, msimwite mgonjwa mvivu.