Namba Tasa na Mtego wa 4,294,967,297

Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 yenye vigawo viwili tu: 1 na namba yenyewe. 7 ni tasa. 9 si tasa, kwa kuwa 3 inaigawa bila kubakiza. Namba 1 haimo, maana kigawo chake ni kimoja.

Katika mazungumzo ya kawaida tasa ni asiyezaa. Wanahisabati walilichukua neno hilo kwa upande wa kugawanya: igawe namba tasa utakavyo, haikupi vigawo vingine. Ni istilahi inayofaa, ila isitupotoshe. Kwa upande wa kuzidisha, namba tasa ndizo wazazi wa nyingine zote. 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, na hakuna namba tasa nyingine zinazoweza kuzidishwa zikaleta 60.

Kazi ngumu ni kutambua ipi ni tasa. Chukua 4,294,967,297. Ni witiri, kwa hiyo 2 haiigawi. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 nayo haiigawi. Haiishii na 0 wala 5. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kuwa ni tasa, na alikuwa na sababu. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Ukitumia vipeo 1, 2, 4, 8 na 16 unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote tano ni tasa.

Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alibainisha kuwa ya sita si tasa. Anayetaka kuikagua kwa kujaribu kila namba tasa hadi kufikia kipeuo chake cha pili ana namba 6,542 za kupitia. Baadaye Euler alithibitisha jambo linalofupisha safari hiyo: kila kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 kilichoongezwa 1. Namba tasa za aina hiyo, kuanzia ndogo, ni 193, 257, 449, 577 na 641. Nne za kwanza zinabakiza. Ya tano haibakizi kitu, kwani 641 × 6,700,417 ndiyo namba yetu kamili.

Kwa hiyo mifano mitano haikutosha kuwa uthibitisho. Hadi leo, baada ya zile tano, hakuna namba nyingine ya mfululizo huu, uitwao namba za Fermat, iliyothibitishwa kuwa tasa. Iko hata moja, 2 kwa kipeo cha 1,048,576 ukiongeza 1, yenye tarakimu 315,653. Kompyuta zimethibitisha kuwa si tasa kwa jaribio lililobuniwa na Théophile Pépin mwaka 1877, ilhali hakuna kigawo chake hata kimoja kinachojulikana, ukiacha 1 na yenyewe. Vigawo ndivyo vinavyoamua utasa wa namba, lakini hisabati inaweza kutoa hukumu kabla ya kuviona.