Springi za Hilux ya mzee

Leo naweka programu kando kidogo. Mwaka 1804 Obadiah Elliott wa London alipata hataza ya springi za mabamba kwa magari ya farasi. Toyota Hilux ilipotoka 1968, nyuma ilikuwa na wazo lile lile! Ndiyo maana baba alipotaka Hilux yake kuukuu ibebe kabichi zaidi, fundi wa jua kali aliongeza mabamba tu. Bamba lenye unene maradufu hukaza mara 8. Mawili membamba yaliyopangwa pamoja, mara 2 tu. Gari likaacha kuchuchumaa. Lakini ekseli na breki zilibaki zile zile, kama kuongeza RAM bila kugusa pawa saplai. Mteremko wa Kinungi, breki zikachemka, pedeli ikazama hadi chini. Tuliponea kwa gia. Kesho yake mzee akang'oa mabamba yote ya nyongeza.